Maneno ya Sauti na Picha katika Mashine za Sahani

Ubaruku ni mji mdogo katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kwenye bonde la Usangu. Ni nchi ya mpunga. Wenyeji wake ni Wasangu, lakini kwa ajili ya mashamba wamehamia huko watu wa makabila mengi, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mahali pa namna hii panafaa sana kutazamwa na mtu apendaye kujua jinsi lugha inavyokipokea chombo kigeni. Mkulima aliyeuza mpunga wake akanunua deki hana budi kuzungumza habari zake na jirani au fundi, ilhali maneno yaliyoandikwa juu ya deki hiyo ni ya Kiingereza. Asipoyaelewa, hasara ni yake: atanunua sahani isiyosomeka, au atapata sauti bila picha na kudhani kwamba mashine imekufa.

Kiswahili hakikuanza jana kutaja vyombo vya namna hii. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine za kunasa sauti, nyimbo zake zilirudi pwani katika sahani za santuri. Neno santuri lilitokana na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu. Vivyo hivyo neno kinanda, lililokuwa jina la ala ya nyuzi, lilitumika pia kwa gramafoni. Jina la chombo kilichojulikana lilihamishiwa chombo kipya kilichofanya kazi iliyofanana na yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa deki: kwanza ilikuwa mashine ya kanda za sauti, kisha ya kanda za video, na hatimaye ya sahani. Kanda zimekwisha, lakini jina limebaki.

Sahani za mashine hizi zina upana mmoja wa sentimeta 12, na ndiyo maana zinawachanganya watu. Ya kwanza ni sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 kwa ajili ya muziki, nayo huchukua sauti ya muda wa dakika 74 hadi 80. Ya pili ni visidii, iliyotokea mwaka 1993: kwa umbo ni sidii ile ile, lakini imetiwa picha zilizobanwa sana, kwa hiyo filamu moja aghalabu hugawanywa katika sahani mbili. Ya tatu ni dividii, iliyotokea Japani mwaka 1996. Zote husomwa kwa mwali mwembamba wa leza, unaofuata mstari wa vishimo vidogo kutoka katikati ya sahani kwenda ukingoni. Katika sidii, mzunguko mmoja wa mstari huo uko mbali na wa pili kwa sehemu 1.6 za elfu ya milimita. Katika dividii ni sehemu 0.74 tu. Vishimo vya dividii navyo ni vidogo zaidi. Hii ndiyo sababu deki ya dividii huweza kusoma sidii, bali mashine ya sidii haiwezi kusoma dividii.

Neno kubana linastahili kuangaliwa. Dividii ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na filamu ya saa mbili hukaa humo barabara. Mchuuzi akijaza filamu 10 katika sahani hiyo hiyo, hana njia ila kuzibana mno, na kinachobanwa mno hupoteza kitu: nyuso hufifia, na mahali penye mwendo wa haraka huonekana miraba miraba. Wingi wa filamu juu ya jalada, basi, si dalili ya wema wa sahani.

Kuhusu picha, yapo maneno mawili yanayowasumbua wengi. PAL na NTSC ni majina ya kanuni mbili za kupanga picha na rangi zake. Tanzania ilifuata PAL, yenye picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani zilifuata NTSC, yenye picha zipatazo 30. Deki ikiwekwa kanuni isiyopatana na televisheni, picha huweza kukosa rangi au kupanda na kushuka bila kutulia, na dawa yake ni kubadili kwa rimoti, si kufungua mashine. Neno la pili ni kanda, kwa maana ya sehemu ya dunia. Wenye filamu waliigawa dunia katika kanda za dividii: Tanzania iko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi, Ulaya kanda ya 2, na Marekani kanda ya 1. Sahani iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huweza kukataliwa na deki ingawa haina hata mkwaruzo.

Kuhusu sauti, waya wa njano hupeleka picha, mweupe sauti ya kushoto, na mwekundu sauti ya kulia. Anayesikia sauti bila kuona picha na autazame kwanza ule wa njano. Tarakimu 5.1 maana yake ni spika tano zinazomzunguka msikilizaji, na ya sita iliyotengwa kwa ajili ya besi peke yake. Spika hiyo ya besi ndiyo asili ya neno sabufa, ingawa katika usemi wa Tanzania sabufa imekuwa jina la seti nzima ya spika na kipaza sauti chake.

Lakini maneno yanayofundisha zaidi ni yale ambayo hakuna kamati iliyoyatunga. Televisheni ya zamani yenye mgongo uliotokeza iliitwa chogo, na kila asikiaye huiona mara moja. Picha yenye vidoadoa vyeupe huitwa chenga, kama punje za mchele zilizovunjika mashineni. Hapana mtu wa Ubaruku atakayehitaji kuelezwa neno hilo. Picha inayosimama ghafla husemwa kuwa imeganda. Watu hawayachanganyi maneno haya, na wana haki. Chenga hutokana na mawimbi dhaifu, antena mbovu au waya uliolegea. Kuganda hutokana na tarakimu zisizosomeka: sahani ina uchafu au mkwaruzo, au lenzi ya leza ina vumbi. Anayemwambia fundi kwamba picha inaganda amekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Naye ajuaye maana ya kuganda ataifuta sahani kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mstari wa vishimo huharibu mengi kuliko unaoukata.

Istilahi za kutungwa nazo hufaulu zikifuata njia hiyo hiyo. Mitambo ya zamani ya televisheni ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno king'amuzi lilienea nchi nzima kwa muda mfupi, kwa kuwa limetoka katika kitenzi kung'amua, na chombo chenyewe hung'amua kilichofichwa ndani ya mawimbi. Runinga haikupata bahati hiyo katika mazungumzo. Magazetini imo, lakini nyumbani watu husema tivii.

Siku hizi flashi na simu zimeipokonya deki nafasi yake, kama deki ilivyoipokonya santuri. Kwa hiyo yafaa wenye kamusi wayaandike maneno haya mapema, pamoja na maana zake za kifundi, kabla hayajasahauliwa na wale waliokuwa wakiyatumia kila jioni baada ya shamba. Na atakayetunga istilahi ya chombo kijacho aulize kwanza swali moja: je, neno hili litamsaidia mwenye chombo kumweleza fundi kilichoharibika?