Chumvi na Maji katika Mwili wa Mtoto Njiti

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Wazazi wengi huhofia mapafu yake na baridi. Figo hazitajwi sana, ilhali nazo zimezaliwa kabla ya wakati.

Uhifadhi wa chumvi mwilini huongozwa na homoni iitwayo aldosteroni, itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo. Figo za njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32, haziitikii homoni hiyo ipasavyo, na sodiamu hupotea katika mkojo. Homoni nyingine, vasopresini, huzuia maji yasitoke. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au mwenye maambukizi makali, huweza kuwa nayo kupita kiasi. Maji hubaki mwilini na sodiamu huzimuliwa.

Kwa hiyo jibu moja la maabara, sodiamu chini ya milimoli 135 kwa lita, huweza kuwa na maana mbili zinazopingana. Mtoto wa kwanza huhitaji chumvi. Wa pili hupunguziwa maji. Kuwachanganya ni hatari. Panapokosekana mashine kubwa, mizani husaidia sana kuwatofautisha: anayepoteza chumvi hupungua au hukwama uzito, anayejaa maji huongezeka ghafla, pengine akavimba. Ndiyo maana wodini njiti hupimwa kila siku, bila nguo, kwa mizani ileile. Kupungua kiasi katika siku chache za mwanzo ni kawaida. Kutoongezeka baada ya wiki 2 si kawaida.

Mama wa Rutamba aliyeruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, mjini Lindi, ajue kwamba upotevu huu wa chumvi huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Mtoto asiyeongezeka uzito, aliyelegea au anayenyonya kivivu arudishwe kituoni, hata kama hana homa. Degedege ni dharura. Chumvi ya jikoni isitiwe kamwe katika maziwa. Pwani yetu ina mashamba ya chumvi, lakini dozi ya njiti hukokotolewa kwa uzito wake, na kosa dogo huumiza ubongo. Maji ya kunywa pia asipewe. Aendelee kunyonya maziwa ya mama, na mama aje na kadi ya kliniki: mstari wa uzito humweleza mhudumu mengi kabla damu haijachukuliwa.