Mtoto Anayekoroma Kila Usiku Afikishwe Zahanati

Katika kaya nyingi, mtoto mdogo anapokoroma husemwa kwamba amelala usingizi mzito baada ya kutwa nzima ya michezo. Kwa mtoto mwenye mafua kauli hiyo haina madhara, kwa kuwa kukoroma huisha pamoja na mafua. Lakini mtoto anayekoroma usiku mwingi wa wiki bila kuwa na mafua halali vizuri. Anahangaika kuvuta hewa. Mara nyingi chanzo ni kukua kupita kiasi kwa nyama za pua, peke yake au pamoja na mafindofindo ya koo.

Nyama za pua ni nini?

Kila mtoto huzaliwa nazo. Zipo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa, mahali ambapo mtu hawezi kupaona hata mtoto akifumbua kinywa. Kazi yake ni kunasa vijidudu vinavyoingia kwa hewa. Hukua zaidi kati ya umri wa miaka 3 na 7, kisha husinyaa zenyewe kadiri mtoto anavyoelekea kubalehe.

Tatizo hutokea pale zinapokuwa kubwa kuliko njia ya hewa iliyopo. Mafua ya mara kwa mara, mzio na moshi huchangia hali hiyo. Singida ni mkoa wenye upepo na vumbi jingi wakati wa kiangazi, na kaya nyingi hupikia kuni au mkaa huku mtoto akiwa mgongoni mwa mama au kando ya mafiga. Kumweka mtoto mbali na moshi wa jiko na wa sigara ni kinga ambayo kila kaya inaweza kuimudu.

Dalili za kuangalia

Mzazi au mlezi aangalie yafuatayo:

- kukoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki;
- kupumua kwa kinywa usiku na mchana;
- pumzi kukatika kwa sekunde kadhaa usingizini, kisha mtoto kushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu;
- kutokwa jasho jingi, kugeukageuka au kurudia kukojoa kitandani;
- kusinzia au kukosa utulivu mchana;
- masikio kuuma au kutoa usaha mara kwa mara.

Pua ikitoa uchafu wenye harufu mbaya upande mmoja tu, huenda mtoto ameingiza punje ya mahindi, harage au mbegu ya alizeti. Mzazi asijaribu kuitoa nyumbani. Huweza kuisukuma ndani zaidi.

Athari kwa usikivu na masomo

Nyuma ya pua ndipo ilipo mirija inayopitisha hewa kwenda ndani ya masikio. Nyama zikiiziba, majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto husikia kana kwamba ameziba masikio kwa vidole. Shuleni huonekana mkaidi au mzito wa kuelewa, kumbe hakumsikia mwalimu. Aliye mdogo zaidi huweza kuchelewa kuzungumza. Hali ikiwa kali na kuachwa muda mrefu, ukuaji hudumaa na moyo huelemewa.

Kukata kimeo si tiba

Baadhi ya wazazi huwapeleka watoto wenye kikohozi au kukoroma kwa watu wanaokata kimeo. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia kooni. Nyama za pua zipo juu yake, nyuma ya kaakaa. Kukikata hakugusi chanzo cha tatizo, bali humweka mtoto katika hatari ya kutokwa damu nyingi, pepopunda, maambukizi mengine na hata kifo.

Hatua za kupata huduma

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mzazi mwenye simu anashauriwa kumrekodi mtoto akiwa amelala kwa dakika moja au mbili, ili mtaalamu aone anavyopumua. Ikibidi, mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, au hospitali zenye madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, kama Benjamin Mkapa ya Dodoma na Muhimbili ya Dar es Salaam.

Si kila mtoto huhitaji upasuaji. Wengine hupona kwa dawa ya kupuliza puani, tiba ya mzio na uangalizi wa miezi kadhaa. Upasuaji ukihitajika, mtoto hulazwa usingizi wa dawa na nyama hutolewa kupitia kinywani, bila kuchanwa usoni. Mwili hubaki na kinga nyingine za kutosha.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza watoto walio chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Kwa hiyo, hofu ya gharama isimcheleweshe mzazi kufika zahanati na kuulizia utaratibu wa rufaa.

Mtoto anayebanwa pumzi hadi midomo kubadilika rangi, au mbavu kubonyea anapovuta hewa, asisubiri asubuhi. Afikishwe kituo cha afya au hospitali usiku huohuo.