Jicho Moja Halitoshi: Vihisi Vinavyomlinda Mtoto Mlangoni

Familia ikihamia nyumba yenye gereji huku Marekani, watoto huijua rimoti ya mlango kabla wazazi hawajamaliza kufungua maboksi. Kwao ni mchezo: bonyeza, kimbia, pita chini kabla mlango haujagusa sakafu. Mlango wa gereji ya magari mawili unaweza kuzidi kilo 100. Kinachomwokoa mtoto ni visanduku viwili vidogo vilivyofungwa pande mbili za mlango, karibu na sakafu, kila kimoja na kitaa chake. Wengi wetu huvipita kila siku bila kujua vinafanya nini.

Mimi ni muuguzi, si mhandisi. Lakini wodini nimezungukwa na mashine zinazotazama kwa mwanga, na kila moja inastahili kuulizwa maswali matatu: inaona kwa njia gani? Nini kinaweza kuipofusha? Na ikipofuka, inafanya nini? Tuyapeleke maswali hayo gereji.

Kimya kimaanishe hatari

Kisanduku kimoja hutuma mwali wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu. Cha pili huupokea. Mtoto, paka au baiskeli ikiukata mwali huo, mlango unaoshuka husimama na kurudi juu. Uzuri wa mpango huu hujitokeza kifaa kinapoharibika. Taa ikiungua, panya akitafuna waya, buibui akitanda utando kwenye lenzi, matokeo ni yale yale: mwanga haufiki, na mlango unakataa kujifunga. Hitilafu inaangukia upande wa usalama.

Sasa linganisha na kihisi kinachopima umbali. Hiki hutuma mwanga, kisha husubiri urudi baada ya kugonga kitu. Mwanga husafiri karibu sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukichukua nanosekunde 20 kwenda na kurudi, kitu kiko mita 3 mbele. Vihisi vya namna hii vimo kwenye roboti za viwandani, kwenye baadhi ya simu, na kwenye magari yanayojiendesha, ambako huitwa lida.

Tatizo ni kwamba hapa kimya kina maana tatu. Pengine mbele hakuna kitu. Pengine kipo, ila hakikurudisha mwanga wa kutosha. Pengine kihisi chenyewe kimekufa. Mhandisi mwangalifu haiachi mashine ichague maana ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayopendeza. Njia mojawapo ni kukipa kihisi kitu cha kudumu cha kutazama, kama sakafu au ukuta ambao umbali wake unajulikana. Sakafu ikitoweka machoni pake, mashine haisemi "njia nyeupe". Inasema "siamini ninachokiona", na inasimama.

Kinachopofusha mwanga

Jua la jioni likipiga moja kwa moja kwenye lenzi, kihisi kinaweza kuzidiwa. Ukungu na vumbi hurudisha mwanga kabla haujafika mbali. Kioo huupitisha. Nguo nyeusi huumeza, kwa hiyo kihisi kinachotegemea mwanga unaorudi huweza kukiona kitu cheusi kikiwa karibu zaidi kuliko cheupe.

Jambo hili si geni kwa muuguzi. Oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, nayo hutumia mwanga: mwekundu na wa infraredi. Mwaka 2020, utafiti uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilisoma kama kilivyoundwa kusoma, na namba iliyotokea kwenye kioo ikaonekana nzuri. Ndiyo maana swali la kujaribiwa kwa nani, katika rangi gani na mwanga gani, linatuhusu sisi na watoto wetu moja kwa moja.

Wawili wasioambizana

Jibu la haraka ni kuongeza kihisi cha pili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole viwili vilivyofungwa bandeji moja navyo havivunji.

Wodini, kabla ya kutoa dawa kama insulini, hospitali nyingi hutaka wauguzi wawili wakague kipimo. Kama wa kwanza atasema, "Ni uniti kumi, sawa?" na wa pili akaitikia, "Sawa," hapo amekagua mtu mmoja tu. Ukaguzi wa kweli ni wa pili kusoma cheti cha daktari mwenyewe, kuangalia sindano mwenyewe, ndipo wakalinganisha.

Vihisi ni vivyo hivyo. Lida mbili za aina moja nyuma ya kioo kimoja zitapofushwa na tope moja, kwa sekunde ile ile. Zikila umeme wa waya mmoja, zitazimika pamoja. Kwa hiyo mhandisi huchanganya: mwanga na rada, au mwanga na mguso, kila kimoja na waya wake, ili kinachomshinda wa kwanza kisimshinde wa pili.

Hapa ndipo mlango wa gereji unapopata historia yake. Watoto wengi walikufa au kuumia Marekani kwa kubanwa na milango ya umeme, na mwaka 1990 likaja agizo la sheria ya shirikisho. Kuanzia 1 Januari 1993, mashine za kufungulia milango ya gereji za nyumbani zinatengenezwa na ulinzi wa aina mbili: mlango urudi juu ukigusa kitu, na pia uwe na kihisi kingine, ama mwali wa mwanga au ukingo unaohisi mguso. Kimoja kikipofuka, kingine bado kinafanya kazi.

Wakitofautiana, simama

Vihisi viwili vikipingana, nani asikilizwe? Kwa mlango, jibu ni rahisi: yeyote anayesema kuna kitu ndiye anayesikilizwa. Ili mlango ushuke, lazima wote waseme njia ni nyeupe. Kwa gari ni vigumu zaidi, maana kusimama ghafla barabarani nako kuna hatari yake.

Usiku wa 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Gari lilikuwa na rada, lida na kamera. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulionyesha kwamba rada ilimwona sekunde 5.6 kabla ya ajali. Lakini kompyuta ilibadilisha mawazo: mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli, na kila ilipobadilisha ilianza upya kukadiria anakokwenda. Breki ya dharura aliyoiweka mtengenezaji wa gari ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ikiendesha, na mtu aliyepaswa kuangalia barabara alikuwa akitazama simu. Macho yalikuwapo, tena mengi. Kilichokosekana ni kanuni kwamba shaka peke yake inatosha kupunguza mwendo.

Kazi ya Jumamosi hii

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya mashine lazima yakaguliwe, na inashauriwa kila mwezi. Kwanza, fungua mlango, bonyeza ufunge, kisha pitisha mpini wa ufagio mbele ya mwali. Mlango urudi juu. Pili, laza sakafuni, katikati ya mlango, kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 4 hivi, ufunge tena. Ukigusa ubao, urudi juu. Ukishindwa jaribio lolote, acha kuutumia kwa umeme na umwite fundi. Vihisi visizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, maana wa kulindwa ni pamoja na mtoto anayetambaa.

Jua likivisumbua hadi mlango ukatae kujifunga, wapo wanaoving'oa vihisi na kuvifunga kwa selotepu juu darini, vikitazamana. Mlango hufunga vizuri sana baada ya hapo, na hauoni chochote. Afadhali kusafisha lenzi, kunyoosha vihisi au kuvikinga jua.

Aliyeko London au Muscat pengine hana gereji, lakini ana lifti, na lifti nyingi zina pazia la mwali kama huo mlangoni. Mfundishe mtoto kwamba mkono wake si kifaa cha kuzuia mlango. Na ukiona lifti inafunga juu ya mtu bila kusita, mwambie msimamizi wa jengo siku hiyo hiyo.