Taa za Kutulia Katika Mabawa ya Ndege za Kujiundia

Huko Marekani wapo maelfu ya watu waliojiundia ndege kwa mikono yao wenyewe, katika mabanda na gereji za nyumbani, kisha wakaziendesha. Sheria ya nchi hiyo inawaruhusu, ilimradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu walioishika kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Chama chao mashuhuri, Experimental Aircraft Association, kiliasisiwa mwaka 1953 mjini Milwaukee. Miongoni mwa ndege wanazozipenda sana ni zile za jamii ya RV, zilizobuniwa na mhandisi Richard VanGrunsven wa jimbo la Oregon. Hizi ni ndege ndogo za alumini zenye injini moja, na zaidi ya 10,000 zimekwisha kuundwa na kurushwa.

Mwenye ndege ya namna hiyo akianza kuruka usiku, huenda akagundua upesi kwamba taa zake za kutulia hazimtoshi. Taa hizo kwa kawaida huwekwa ndani ya ukingo wa mbele wa bawa, nyuma ya kifuniko cha plastiki angavu kilichopindwa kulifuata umbo la bawa. Kutoka angani huiona njia ya kutulia ikiwa kama utepe mweusi, naye hujiambia: nitatia taa yenye wati nyingi zaidi. Wazo hilo si la kipumbavu, lakini linaanzia mahali pasipofaa, kwa sababu wati hupima umeme unaoliwa na taa, wala si mwanga unaofika ardhini.

Tuchukue taa moja iliyotumika kwa miaka mingi katika ndege ndogo, ile yenye namba 4509. Hutumia wati 100 kwa volti 13, na katikati ya mwale wake ukali wa mwanga ni kandela 110,000. Maisha yake yamekadiriwa kuwa saa 25. Msomaji asidhani tarakimu imekosewa: balbu ya uzi ya nyumbani hudumu kama saa 1,000, lakini hii ni saa 25 tu. Waliyoitengeneza waliamua kuutia uzi wake joto kali mno ili ung'ae sana, nao wakaufanya mdogo ili kiakisi kilicho nyuma yake kiweze kuukusanya mwanga wote upande mmoja.

Neno hilo la kukusanya ndilo lenye siri. Jumla ya mwanga unaotoka katika taa hupimwa kwa lumeni. Ukali wa mwanga huo kuelekea upande fulani hupimwa kwa kandela. Tuseme tunazo lumeni 1,000. Tukizifunga ndani ya mwale wenye umbo la pia uliotanuka kwa nyuzi 20 kutoka ukingo hadi ukingo, tutapata kiasi cha kandela 10,500. Tukiubana mwale huo uwe wa nyuzi 10, kandela zitapanda hadi karibu 42,000, yaani mara nne, wala hatukuongeza hata wati moja. Ndiyo maana taa ya dukani yenye lumeni nyingi, iliyokusudiwa kumulika uwanja mzima, yaweza kushindwa vibaya na taa ndogo yenye kiakisi kizuri.

Sasa tuufuate mwanga mpaka ardhini. Mwangaza unaofika juu ya kitu hupungua kwa mraba wa umbali. Kandela 110,000 zikisafiri mita 100 hutoa luksi 11. Kwa mita 200 hubaki luksi 2.75, kwa mita 400 hubaki chini ya luksi moja. Kwa hiyo atakayeongeza kandela mara mbili hatapata kuona mara mbili ya umbali wa kwanza. Atapata mara 1.4 tu, kwa kuwa hicho ndicho kipeuo cha pili cha 2. Akitaka umbali uzidi mara mbili, yampasa azidishe kandela mara nne.

Lakini bado hatujafika mwisho wa hesabu, kwani ndege haiimuliki ardhi kutoka juu. Huijia kwa mteremko mdogo, mara nyingi wa nyuzi 3 hivi, na mwale wa taa huigusa ardhi kwa pembe iyo hiyo. Mwanga ambao ungetosha eneo dogo hutandazwa juu ya eneo refu sana. Mwangaza juu ya ardhi hupatikana kwa kuzidisha na saini ya pembe, na saini ya nyuzi 3 ni 0.052. Luksi 2.75 za mita 200 zinageuka kuwa 0.14, kiasi kilicho chini ya mbalamwezi kamili, ambayo hutoa kama robo ya luksi. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini lami huonekana nyeusi ilhali mnyama aliyesimama katikati ya njia huonekana wazi: yeye amesimama wima, naye hupokea luksi zote 2.75. Wanafunzi waweza kulihakikisha jambo hili usiku kwa tochi. Aliyeishika aimulike karatasi iliyolazwa chini mbali naye, kisha mwenzake aisimamishe karatasi hiyo hiyo mahali pale pale.

Ndege ya aina hii hukaribia kutulia kwa mwendo wa kilometa 120 kwa saa au karibu na hapo, yaani mita 33 kwa sekunde. Mita 200 humalizika kwa sekunde 6. Katika sekunde hizo rubani hana budi kuona, kuamua, na kuinyanyua pua ya ndege. Basi kila mita ya kuona ina thamani.

Kabla ya kununua taa mpya ni vema kuchunguza kama taa ya zamani inapata haki yake. Wati 100 kwa volti 13 ni mkondo wa ampea 7.7. Kutoka swichi iliyo mbele ya rubani mpaka taa iliyo bawani ni kiasi cha mita 5 za waya. Waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba na urefu huo una ukinzani wa omu 0.085. Tukizidisha kwa mkondo, tunaona kwamba volti 0.65 zinapotea njiani, yaani asilimia 5. Hasara hiyo yaonekana ndogo, lakini mwanga wa taa ya uzi haupungui sawasawa na volti. Hupungua kama volti zilizopandishwa kwa kipeo cha 3.4 hivi. Asilimia 5 ya volti huondoka na asilimia 16 ya mwanga. Katika ndege ya faibaglasi mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mwili wake haupitishi umeme, na mkondo hulazimika kurudi kwa waya wa pili. Hasara hufika volti 1.3, na taa hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Waya wa milimita 2 za mraba huipunguza hasara hiyo kwa nusu, na uzito unaoongezeka ni gramu 45 tu kwa kila mita 5. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kuanzia kwa kila mtu, ingawa kazi ya kubadili waya haina fahari ya taa mpya.

Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi upande wa pili. Altaneta ya ndege hutoa kama volti 14. Taa ya volti 13 ikizipata zote, mwanga wake hupanda kwa zaidi ya robo, bali maisha yake hushuka kutoka saa 25 hadi kama saa 10.

Siku hizi wajenzi wengi wameziacha taa za uzi. Kwanza walijaribu taa za zenoni, zile ambazo umeme hupita katika gesi. Taa hiyo hutoa kama lumeni 3,000 kwa wati 35, lakini huhitaji msukumo wa maelfu ya volti ili kuwaka, na sekunde kadhaa kabla ya kufikia nguvu yake kamili. Kisha zikaja taa za diodi, ambazo madukani huitwa LED. Msingi wake ni diodi ya buluu, iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwanga wa buluu hupitishwa katika unga wa fosfori nao ukawa mweupe. Taa ya uzi ya halojeni hutoa kama lumeni 20 kwa kila wati, na diodi 100 au zaidi. Wati 30 za diodi zaweza basi kuzishinda wati 100 za uzi, ikiwa kioo chake kimeundwa kuubana mwale.

Joto nalo limebadili njia. Uzi hulitupa joto lake mbele pamoja na mwanga, kama miale isiyoonekana, na plastiki iliyo karibu mno huweza kulainika. Diodi huliacha joto nyuma yake, katika nusukipitishi chenyewe, na lisipoondolewa diodi hufifia na kuharibika. Kwa hiyo hufungwa juu ya kipande cha alumini chenye mapezi. Ndani ya bawa hakuna upepo, na mjenzi hana budi kuhakikisha kwamba taa yaweza kuwaka muda mrefu ndege ikiwa imesimama chini.

Lililo zito kuliko yote ni betri. Tuseme altaneta imekufa usiku, na rubani amebaki na betri ya ampea-saa 16. Taa mbili za wati 100 humeza zaidi ya ampea 15, na betri hiyo haitazimudu hata kwa saa moja. Taa mbili za diodi za wati 30 humeza ampea 5. Katika ndege nyingi za zamani injini huendelea kufanya kazi hata betri ikiisha, kwa sababu cheche zake hutokana na magneto. Lakini wajenzi wengi wa leo wameweka mitambo ya kielektroni ya kuwasha cheche, na baadhi ya mitambo hiyo hunywa katika betri ile ile inayolisha taa. Kwao kumulika njia kwa muda mrefu ni kuikaribisha injini izime.

Sheria ya Marekani huilazimisha ndege ndogo kuwa na taa ya kutulia usiku pale tu inapotumika kwa kukodishwa. Hata hivyo mamlaka ya usafiri wa anga huwahimiza marubani waziwashe hata mchana wakiwa chini ya futi 10,000, na hasa karibu na viwanja, ili waonekane. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja kwa kilometa 300 kwa saa, humaliza kilometa 2 kwa sekunde 12. Na kwa umbali huo mabawa ya mita 7.6 hayafiki hata nusu ya upana wa mwezi machoni. Tena ndege inayokujia moja kwa moja haisogei upande wowote, na jicho huvutwa na kinachosogea au kubadilika. Hivyo wengi hufunga chombo cha kuziwasha taa za mabawa mawili kwa zamu, kulia na kushoto. Diodi hustahimili kazi hiyo bila taabu. Zenoni haifai kabisa.

Hubaki kuzielekeza. Ndege yenye gurudumu la mkia huinua pua ikiwa chini, hivyo taa iliyolengwa vizuri kwa kutulia humulika nyota mara mkia unapogusa ardhi. Mjenzi wa ndege hiyo huilenga taa ya bawa moja kwa ajili ya kutulia na ya bawa jingine kwa ajili ya kutembea uwanjani. Kazi hufanyika usiku, mkia ukiwa umenyanyuliwa juu ya kigoda mpaka ndege ikae kama inavyokaa ikikaribia kutulia, na mwale ukipimwa ukutani. Kabla ya kufunga kifuniko, redio huwashwa na kupitishwa katika masafa ya megahezi 118 hadi 137, taa zikiwashwa na kuzimwa. Mtambo mdogo unaosimamia mkondo wa diodi huwaka na kuzima mara maelfu kwa sekunde, na ukiwa haukukingwa vema, mvumo wake husikika masikioni mwa rubani pale pale anapohitaji kumsikia mwongozaji wa ndege.