Namna ya Kulinganisha Sauti za Santuri

Wapenzi wa muziki wa okestra hubishana mara kwa mara, huyu akisema santuri yake ina sauti nzuri, na yule akisema yake ni bora zaidi. Mara nyingi ubishi huo hauishi, kwa sababu santuri zenyewe hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Yafaa basi tueleze namna ya kuzilinganisha.

Tutoe mfano wa okestra ya Chicago, huko Marekani. Mwaka 1951 kampuni ya Mercury iliinasa okestra hiyo ikiongozwa na Rafael Kubelik, kwa mikrofoni moja tu iliyotundikwa juu ya wapigaji. Mwaka 1954, katika jumba lile lile, kampuni ya RCA Victor iliinasa ikiongozwa na Fritz Reiner, na safari hii sauti za kushoto na za kulia zilinaswa mbalimbali kwa njia iitwayo sterio. Santuri za sterio zilianza kuuzwa mwaka 1958.

Katika kazi ya Kubelik sauti zote hutoka mahali pamoja, lakini kila chombo husikika wazi. Katika ile ya Reiner vyombo hutandaa toka upande mmoja mpaka wa pili, kana kwamba msikilizaji ameketi jumbani.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, sawazisha ukubwa wa sauti. Sikio hudanganyika upesi: santuri inayolia kwa nguvu zaidi kidogo hudhaniwa kuwa ndiyo nzuri.

Pili, linganisha mwisho na mwisho, wala si mwanzo na mwisho. Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Ukingoni, mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na katikati mwendo hupungua hadi 21 hivi. Hapo alama za sauti husongamana, na sindano hupata taabu kuzifuata. Tena muziki wa okestra aghalabu huisha kwa kishindo cha tarumbeta na ngoma, mahali pale pale palipo pabaya. Kwa hiyo usishangae ukisikia mkwaruzo.

Tatu, tazama sindano na ufute vumbi. Wako watu waliotupa santuri njema wakidhani imeharibika, kumbe ubovu ulikuwa katika sindano. Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: sindano iliyochakaa hukwangua mfuo, na mfuo uliokwanguliwa hautengenezeki tena. Santuri za kwanza za miaka ile hutafutwa sana, na nyingine huuzwa kwa bei kubwa. Mwenye nayo na abadili sindano kwanza, kisha ndipo asikilize na kutoa hukumu.