Asemaye "Ndia" Hajapotea Njia

Huku kwetu pwani mtu hana haja ya kutaja kwao. Akifungua kinywa tu, amekwisha jitaja. Akisema "ndia" na "mato", kisha akuite kwa "Ndoo hapa", utajua huyu si wa Unguja, ambako husemwa "njia", "macho" na "njoo". Akiomba "mai" ya kunywa badala ya maji, masikio yatakupeleka Lamu. Lahaja ni cheti cha kuzaliwa ambacho mtu hukichukua ulimini.

Lakini cheti hicho darasani hakipokelewi. Nimewahi kuona daftari la mtoto mmoja wa mtaani kwetu. Insha ilikuwa nzuri, ila kila palipokuwa na "ndia" palipigwa mstari mwekundu. Mtoto akamgeukia bibi yake akamwuliza, "Kumbe bibi hujui Kiswahili?"

Wino huo mwekundu una historia yake. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kukisanifisha. Kimvita, ambacho Muyaka bin Haji alikitungia mashairi yake karne ya 19, kikaachwa kando. Huo ulikuwa uamuzi wa wakubwa wa elimu, wala haikuwa hukumu kwamba Kimvita ni Kiswahili kibovu.

Sisemi usanifu ulikuwa hasara. Bila ya huo, mtoto wa Kisumu na wa Tanga wasingalisoma kitabu kimoja.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Mswahili wa Kenya ameambiwa mara nyingi: "Kiswahili ni cha wote, wewe kabila lako lipi?" Ilhali Wamvita, Wajomvu, Wakilindini, Wachangamwe, Watangana na wenzao, ambao kwa jumla huitwa Thenashara Taifa, wana mitaa yao, wazee wao na nasaba zao. Lugha sanifu ni mali ya kila Mkenya, kwa hiyo haimtambulishi yeyote. Kinachomtambulisha Mswahili ni ile "ndia" yake. Ukimfutia hiyo kwa kuiita kosa, umemnyang'anya ushahidi, kisha unamtaka athibitishe kwao.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, tena ikaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Je, Kimvita, Kiamu, Kitikuu na Kivumba havimo?

Walimu wetu, mfunzeni mtoto "njia", kwani ndiyo itakayompa alama katika mtihani. Ila pembeni mwa daftari mwandikieni, "Hiki ni Kimvita." Ni maneno matatu tu, nayo hayapunguzi kitu katika Kiswahili sanifu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.