Nusu ya Nyumba Gizani

Umeme ukikatika nyumba nzima, kila mtu hujua la kufanya. Taabu ni pale unapokatika nusu. Yalitufika majuzi baada ya swala ya Magharibi: sebuleni giza, jikoni taa inawaka kwa unyonge, na watoto wanauliza kama tumelipia nusu.

Nyumba nyingine huletewa umeme kwa nyaya tatu za moto, ambazo mafundi huziita fezi, na vyumba hugawanywa baina yao. Fezi moja ikipotea, vyumba vyake hupotea nayo. Basi la kwanza ni kuchungulia kwa majirani. Wakiwa na masaibu hayohayo, hitilafu iko nje, na wenye kazi yao wapigiwe simu. Giza likiwa letu peke yetu, tutazame kisanduku cha swichi. Iliyoanguka huinuliwa mara moja tu, baada ya kuchomoa vyombo vya upande ule. Ikianguka tena, iachwe mpaka fundi afike.

Lakini ipo dalili isiyomngojea fundi. Baadhi ya taa zikififia na nyingine zikawaka kwa ukali usio wa kawaida, huenda waya wa nyutro umekatika, na vyombo vilivyoundwa kwa volti 230 vikapata zaidi ya hizo. Hapo huzimwa swichi kuu, na ile nusu iliyosalia nayo iingie gizani. Hata taa zikififia tu, friji ichomolewe. Nasi tunakiri kwamba lilitushinda: tuliiacha ikiunguruma kwa umeme hafifu, tukiwahofia samaki, mota ikaungua. Na kumbe friji isiyofunguliwa mlango huhifadhi ubaridi kiasi cha saa 4, na friza iliyojaa hufikia saa 48!

Wengine huvuta waya mrefu kutoka chumba chenye umeme, wakaubebesha pasi na birika, nao ukachemka chini ya zulia pasina mtu kuona.

Ama mishumaa, Mtume (S.A.W.) aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, na katika mapokezi ya Bukhari ametajwa panya anayeweza kuuburuta utambi akawaunguza wenye nyumba. Panya tunao hadi leo, na mapazia tumeongeza.

Usiku ule tulilala kwa tochi ya betri. Samaki walikwisha kaangwa uani kwa mkaa, na sahani moja ikaenda kwa jirani, ambaye kwake nako ilikuwa nusu.